Tulivyofundishwa Kukata Hewa

Mashine tuliyoiita Bibi Harusi ilisimama kwenye kona ya karakana, chini ya madirisha ambayo vioo vyake vilipakwa rangi nyeupe ili wapita njia wasichungulie. Ilifunikwa turubai la bluu, na turubai likafungwa kwa kamba nene ya katani. Fundi wa karakana ndiye pekee aliyeifunga na kuifungua kamba hiyo, na kila mara alitupa kisogo akifanya hivyo, kama mtu anayebonyeza namba ya siri benki. Mwaka wa kwanza nilidhani wanaifunika kwa sababu ya vumbi. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nimeelewa kwamba wanaifunika kwa sababu yetu.

Ilikuwa mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Unaiandikia maagizo mstari kwa mstari: nenda kulia, shuka, zunguka, rudi. Nayo inatii. Ya aina hiyo niliiona mara ya kwanza kwenye video, katika simu ya mteja niliyokuwa nimebadilishia kioo, na ndiyo iliyonifanya nirudi shule nikiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili. Sikufukuzwa na wala sikuwa mjinga. Nilishindwa tu kukaa. Lori lilikwama karibu na shule yetu kule magharibi, dereva akafungua giaboksi yote na kuitandaza juu ya gunia, nami nikakaa pale nikimpitishia spana. Lori lilipoondoka, niliondoka nalo. Nimekuwa utingo, nimeosha vyombo, nimelinda ghorofa, nimetengeneza redio na simu, na kila mahali nilihama mara tu nilipojua jinsi vitu vya pale vinavyofanya kazi. Kwa hiyo nilipojiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, nikafululiza hadi diploma na kisha chuo kikuu kusomea teknolojia ya uhandisi wa viwanda, watu wetu walicheka. Walijua nitahama. Hata mimi nilijua, ila nilitaka kwanza kuiona ile mashine ikikata kitu changu.

Nilikaa kwa dada yangu mkubwa, mtaa wa Satellite, nikilala kwenye kochi la sebuleni. Dada husuka nywele Kenyatta Market. Ukiingia pale, kabla hujafika kwenye nyama choma, unavutwa mkono na wasusi: "Siste, kuja nikusuke! Auntie, hizo nywele zinalia!" Dada yangu havuti mtu mkono. Amesuka miaka mingi, wateja humfuata wenyewe.

Kitu ambacho wateja hawakijui ni kazi iliyo kabla ya kusuka. Nywele za pakiti hutoka kiwandani zikiwa zimekatwa mwisho sawasawa kama ufagio. Ukizisuka hivyo, ncha zinakuwa butu. Kwa hiyo msusi huzishika fungu kwa fungu na kuzivuta kidogo kidogo, hizi mbele, zile nyuma, hadi ncha ziwe nyembamba. Wanaita kuchambua. Mkono mmoja unashika, mwingine unavuta, kutwa nzima. Vidole gumba vya dada vilikuwa vimevimba kwenye kifundo. Asubuhi alifungua mlango kwa kutumia viganja viwili, kama mtu aliyebeba bakuli. Daktari alimwambia apumzishe mikono.

"Nikaiweke wapi?" alimuuliza daktari.

Mimi niliwahi kumchambulia siku moja nzima. Kufikia saa nane nilikuwa nimeona jibu: kisahani cha alumini chenye meno membamba pembeni, kama kitana kilichokunjwa kikawa duara, kikizungushwa polepole na mota. Nywele zinapita juu yake, meno yanavuta chache, yanaacha nyingine. Mota nilikuwa nayo. Niliitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, mtaa wa matajiri wa Kileleshwa, ambako akina dada wa kazi za nyumbani hunipigia simu kitu kikikwama. Fremu niliiunga kwa vyuma vya kitanda. Kilichobaki ni kisahani chenyewe, na meno yale yalikuwa membamba mno kwa tupa na mkono. Yalihitaji Bibi Harusi.

"Utaniletea lini?" dada aliuliza.

"Ni projekti yangu ya mwaka wa mwisho. Lazima waniache niitengeneze."

"Lazima," alirudia, akiangalia vidole vyake. "Sawa, injinia wa nywele."

Sasa nieleze jinsi tulivyofundishwa. Somo la vitendo lilipofika, tulisimama nusu duara. Fundi alifungua turubai. Mhadhiri, mtu mpole aliyependa sana neno usahihi, alichagua maagizo ya mwanafunzi mmoja na kuyaingiza. Meza ya mashine ilikuwa tupu. Hapakuwa na chuma juu yake, wala mbao, wala hata mche wa sabuni wa kujifunzia. Kisu kilianza kuzunguka, kikashuka, kikachora umbo zima juu ya meza tupu, kikapanda, kikarudi mahali pake. Tulipiga makofi. Fundi akafunika.

Hilo ndilo lililoitwa kukata hewa. Mafundi wa viwandani hulifanya mara moja ili kuhakikisha maagizo hayana kosa, kisha wanaweka chuma. Kwetu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Visu vilivunjwa na wanafunzi waliotutangulia, kikabaki kimoja, na idara iliamua kwamba kimoja hicho hakitavunjika.

Niliwahi kumuuliza mhadhiri darasani, "Daktari, tutajuaje kama maagizo yetu ni sahihi?"

"Umeona kisu kikigonga kitu?"

"Hapana."

"Basi ni sahihi."

Wenzangu, waliokuwa na umri wa kuwa wapwa zangu, walijifia kwa kicheko. "Mzae, tulia," kijana wa karibu yangu alininong'oneza. "Hewa hujawahi kuifeli."

Na kweli hewa haifelishi mtu. Katika maagizo kuna mahali pa kuandika unene wa kisu, ili mashine ijue ipite mbali kiasi gani na mstari. Sote tuliandika namba ile ile iliyokuwa kwenye karatasi za mwaka uliotangulia. Hakuna aliyewahi kukipima kisu chenyewe. Vilevile sote tuliinua kazi nzima juu kidogo ya meza, kwa usalama. Yote yalikubalika.

Fundi nilimwendea mara nyingi. Alikuwa mzee mfupi aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi, na jibu lake lilikuwa swali moja.

"Fundi, shikamoo. Nina bamba langu mwenyewe. Nakata kisahani kimoja tu, halafu nasafisha kila kitu."

"Ukivunja kisu, utaleta kingine?"

Mazungumzo yaliishia hapo. Nilikwenda kwa mhadhiri, akanituma kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara alisema jambo hilo ni la karakana. Karakana ni fundi. Fundi akaniuliza kama nitaleta kingine. Miezi ilipita hivyo, na lile bamba la alumini, nililolipata kwa mwenye vyuma vikuukuu wa Satellite, lilikaa kwenye mkoba wangu hadi likatoboa kitambaa. Nyumbani dada aliacha kuuliza lini. Alianza kuniuliza kama nimekula, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Halafu tukaambiwa wageni wanakuja.

Walikuwa wenye viwanda, watu ambao idara ilitarajia wangetupokea kwa mafunzo ya kazini. Karakana ilipigwa deki. Vioo vilipakwa rangi upya. Mkuu wa idara, mama mrefu mwenye sauti ya kanisani, alipita akitukagua kama gwaride, akasimama mbele yangu.

"Wewe. Wewe ndiye utasimama kwa mashine. Unaonekana kama mtu wa kazi."

"Asante, Profesa. Naweza kutumia maagizo ya projekti yangu?"

"Tumia yoyote. Si ni hewa?"

Wageni waliingia. Waliongozwa na mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliyekuwa na kiwanda cha vyombo vya jikoni na Kiswahili kizuri kuliko changu. Mkuu wa idara alieleza kuhusu usahihi. Nilibonyeza kitufe. Kisu kikacheza, kikapita meno yote ya kisahani changu, jino kwa jino, juu ya meza tupu. Wenzangu walikuwa tayari kupiga makofi.

"Vizuri," mzee alisema. "Lakini mbona haikati kitu?"

Nilimwona mkuu wa idara akimtazama mhadhiri, mhadhiri akimtazama fundi, fundi akitazama sakafu.

"Nina kipande," nilisema.

Sikungoja ruhusa, lakini pia hakuna aliyenikataza. Kukataa mbele ya wageni kungehitaji maelezo. Nililitoa bamba kwenye mkoba, nikalibana kwenye meza, nikabonyeza tena. Kisu kilishuka, kikazunguka, kikapita juu ya alumini bila kuigusa. Ile tabia yetu ya kuinua kila kitu! Mtu alicheka nyuma. Nilishusha kimo kwenye maagizo, nikabonyeza mara ya tatu.

Siwezi kueleza vizuri sauti ile. Ilikuwa kama kitambaa kinapasuliwa polepole. Vipande vidogo vya alumini viliruka, vikadunda kwenye kioo cha kinga, na wenzangu wote wakasogea mbele hadi mmoja akanikanyaga. Miaka mitatu, na ndiyo mara ya kwanza tulikuwa tunaona takataka za kazi yetu. Kisu hakikuvunjika. Kilipopanda, kisahani kilikuwa pale kwenye meza, kina meno, kinang'aa, kina joto.

Mzee alikiinua. "Kinafanya nini?"

Nilifungua mdomo. Mkuu wa idara alikuwa ameshaanza. "Ni kielelezo cha kiwango cha usahihi tulichofikia. Na kwa niaba ya idara, tungependa ukichukue kama kumbukumbu."

Makofi yalipigwa kwa nguvu. Picha ikapigwa, mimi nikiwa pembeni na nusu ya bega langu ikiwa ndani. Mzee akakifunga kisahani changu kwa leso, akakitia mfukoni, wakaenda kunywa chai.

"Mzae," kijana yule aliniambia, "umeibiwa kwa makofi."

Fundi aliniita nimshikie turubai upande wa pili, kwa vile mimi ndiye niliyechafua. Nilishika, nikiwa na hasira hadi masikio yanapiga. Kwa mara ya kwanza nikawa nimesimama upande wake wa kamba. Alipitisha kitanzi, akakizungusha, akavuta chini, akafunga. Nililitazama fundo lile na nikashindwa kujua kama nicheke. Lilikuwa fundo la lori. Ndilo nililofunga miaka yote ya utingo, juu ya mahindi, juu ya saruji, juu ya magodoro, kwenye mvua, macho yakiwa yamefumbwa.

Nilikuwa na jambo moja tu kichwani, kisahani.

Ofisi ya mzee yule, ambayo anwani yake niliipata kwenye kitabu cha wageni, ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya juu, katika jengo ambalo lifti yake inabidi uigonge kiganja ndipo ifunge mlango. Kisahani nilikiona kabla ya salamu. Kilikuwa kwenye meza ya mapokezi, juu ya rundo la karatasi, kuzizuia zisipeperushwe na feni. Dada wa mapokezi alikuwa amesuka nywele ndefu nyembamba.

"Niaje. Hicho kitu ni changu," nilisema.

"Kipi? Hiki? Hapana, hiki ni cha mzee. Alipewa na chuo kikuu."

"Mimi ndiye niliyekitengeneza."

Alikishika, akakigeuza, akanitazama viatu. "Wewe ndiye ulitengeneza?"

"Ndiyo."

"Basi si utengeneze ingine?"

Nilisimama pale nikitafuta namna ya kumweleza mtu mwenye akili zake kwamba kuna chuo kikuu kina mashine, kina umeme, kina mhadhiri, kina wanafunzi wenye maagizo, na kwamba ukitaka kutengeneza ya pili huwezi. Kila nilipoanza sentensi, ilisikika kama uongo. Mwishowe nilimwonyesha ncha za nywele zake mwenyewe, nikamweleza ni nani huzifanya kuwa nyembamba vile na kwa vidole gani. Alizishika, akaziangalia kana kwamba hajawahi kuziona.

"Woi," alisema. Aliingia ofisi ya ndani.

Mzee alitoka mwenyewe. Alisikiliza yote akiwa amesimama, miwani ikining'inia.

"Ulikuwa umesimama pale pale," alisema. "Kwa nini hukusema?"

"Profesa alikuwa anaongea, bwana."

Alicheka hadi akakohoa. Alinirudishia kisahani, na leso juu. "Kikifanya kazi, niletee cha pili. Hicho sitakiweka kwenye karatasi."

Niliteremka ngazi bila kuingoja lifti.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Kenyatta Market na fremu begani. Wasusi wa karibu waliacha wateja wao na vichwa nusu.

"Injinia wa nywele ameleta posho mill ya kusaga nywele!"

"Angalia isimnyoe mtu!"

Dada alikuwa amejipanga kama anayesubiri picha. Nilijaribu kuingiza kisahani kwenye mhimili wa mota. Hakikuingia. Tundu lilikuwa dogo, dogo kwa unene wa karatasi tu. Nikalikwangua kwa tupa hadi kikaingia, kikakaa upande kidogo. Niliwasha. Dada alipitisha fungu la nywele. Mwanzoni zilipita vizuri. Ncha zilianza kuwa nyembamba, na wale wanawake wakaacha utani. Kisha meno yakauma. Kisahani kilikamata fungu zima, kikalizungusha, kikalitafuna.

Nilizima. Dada alilivuta fungu lile taratibu, akalitandaza kwenye paja. Nusu ilikuwa imechambuliwa vizuri kuliko anavyochambua yeye. Nusu ilikuwa kama kitu kilichotoka kwa mdomo wa mbuzi.

"Hii ni sawa," alisema, akigusa nusu ya kwanza. "Hii imeliwa. Kwa nini?"

Nilijua kwa nini. Nilijua tangu tundu lilipokataa. Kisu kile kimoja kilikuwa kimechakaa, kimekonda kwa matumizi ya miaka ambayo watu walikuwa wakikata chuma. Mimi nilikuwa nimeiambia mashine kwamba ni kinene, kama karatasi za mwaka uliotangulia zilivyosema. Mashine ilitii, ikapita mbali na mstari, ikaacha alumini ya ziada kila mahali. Ndiyo maana tundu lilikuwa dogo, na meno yalikuwa manene, na nafasi kati yake zilikuwa finyu. Hewa isingeniambia hilo hata siku moja.

"Ni namba moja," nilimwambia. "Nikibadilisha namba moja, itafanya kazi."

"Basi badilisha."

"Mashine imefunikwa."

Dada alinitazama. Alikuwa amechoka, na mimi ndiye nilikuwa nimemchosha. "Imefunikwa," alisema. "Kwani ni maiti?"

Jumatatu mchana nilikwenda karakana, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Nilikuwa na bamba jipya, kisahani kile chenye nywele zilizokwama kwenye meno, na kipimo cha kupimia unene, ambacho nilikiazima kabatini kwa kuandika jina langu kama inavyotakiwa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kona. Nilivuta ncha ya kamba, fundo likaachia kwa mkupuo mmoja kama linavyoachia juu ya lori. Nililiporomosha turubai.

"Wewe!" Fundi alikuja kutoka ofisini kwake na kikombe cha chai mkononi. "Unafanya nini?"

"Nakipima kisu, fundi."

"Nani amekufungulia?"

"Nimefungua mwenyewe. Hilo fundo ni la lori."

Alitazama kamba, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshakibana kisu kwenye kipimo. Nilimwonyesha namba. Halafu nilimpa kisahani, nikamweleza kilivyotafuna, na mikono ya nani inangoja. Nilisema yote haraka, kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa na nilitaka angalau nifukuzwe kwa jambo zima.

Alivuta unywele mmoja kutoka kwenye meno, akaunyoosha kwenye mwanga.

"Ukivunja kisu—"

"Sitaleta kingine. Sina. Lakini nikikiacha hivi, kinatusaidia nini?"

Aliweka kikombe juu ya meza, akatoa funguo mfukoni, akaenda kwenye kisanduku cha swichi ukutani. Alifungua, akainua swichi kubwa.

Hakukutokea kitu. Taa za korido zilikuwa zimezimika pia. Kutoka barabarani tulisikia jenereta za maduka zikianza kunguruma, moja baada ya nyingine.

"Stima imepotea," fundi alisema.

"Chuo hakina jenereta?"

"Iko ya ofisi."

Niliketi kwenye kigoda kando ya mashine, kisahani kikiwa mapajani. Nilidhani ataokota turubai. Alilikunja, akaliweka sakafuni, akaketi juu yake, akaendelea na chai yake.

"Andika hiyo namba vizuri," aliniambia. "Usije ukaisahau stima ikirudi."

Niliiandika kiganjani kwa kalamu, tukangoja.